Sepsisi: Jinsi ya kujua iwapo oksijeni inafikia tishu za mgonjwa

MGONJWA wa sepsisi anaweza kuwa na presha ya damu inayoridhisha, na kifaa kilichobanwa kidoleni mwake kikaonyesha kuwa damu yake imebeba oksijeni ya kutosha, ilhali figo zake zimeacha kutoa mkojo, akili zimeanza kumpotea na miguu yake imekuwa baridi kama jiwe la mtoni. Vipimo viwili ambavyo madaktari na wauguzi huvitegemea kila siku vitakuwa vimesema kweli, na bado viungo vya mgonjwa huyo vinakufa kwa kukosa oksijeni.

Ufumbuzi wa kitendawili hicho umo katika mishipa ya damu midogo kuliko yote mwilini, ile iitwayo kapilari. Kwa zaidi ya miaka 20 sasa watafiti wamekuwa wakibuni vyombo vya kuichungulia, baadhi yavyo vya gharama kubwa mno. Hata hivyo, kipimo ambacho kimejitokeza kuwa na manufaa zaidi kando ya kitanda ni kile cha kubonyeza ncha ya kidole na kuhesabu sekunde. Na ni hospitali za Afrika Mashariki, miongoni mwazo ile ya Kilifi, zilizotoa onyo zito zaidi kuhusu hatua inayofuata baada ya kipimo hicho.

Maana ya sepsisi

Sepsisi, ambayo wengi huiita sumu katika damu, haisababishwi na kijidudu cha aina moja. Ni hali inayozuka pale mwili unapopambana na maambukizi, kisha ukapoteza kiasi na kuanza kujidhuru wenyewe hadi viungo muhimu vikashindwa kufanya kazi. Fasili hii ilikubaliwa na jopo la kimataifa la wataalamu mwaka wa 2016. Chanzo chaweza kuwa nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo, jeraha lililooza, utumbo uliotoboka au maambukizi ya tumbo la uzazi baada ya mama kujifungua.

Makadirio yaliyochapishwa mwaka wa 2020 katika jarida la Lancet yalionyesha kwamba mwaka wa 2017 watu wapatao milioni 48.9 walipatwa na sepsisi duniani, na milioni 11 miongoni mwao wakafariki. Hiyo ni sawa na kifo kimoja katika kila vifo vitano vilivyotokea mwaka huo. Zaidi ya milioni 20 ya waliougua walikuwa watoto wa chini ya umri wa miaka mitano, na sehemu kubwa ya mzigo huo iliziangukia nchi zisizo na uwezo mkubwa. Mwezi wa Mei mwaka huo huo wa 2017, Baraza Kuu la Shirika la Afya Duniani lilipitisha azimio la kuzitaka serikali ziimarishe kinga, utambuzi na matibabu ya hali hii.

Daraja iliyo mbaya zaidi ni ile ambayo mgonjwa huhitaji dawa za kupandisha presha hata baada ya kuongezewa maji mwilini, na damu yake ikawa na lakteti kupita kiasi. Zaidi ya wagonjwa 40 kati ya kila 100 wanaofikia daraja hiyo hufia hospitalini.

Mwisho wa safari ya damu

William Harvey wa Uingereza alipothibitisha mwaka wa 1628 kwamba damu huzunguka mwilini, hakuweza kueleza inavyotoka kwenye ateri na kuingia katika vena. Njia yenyewe ilikuwa nyembamba mno kwa macho ya binadamu. Jibu lilipatikana mwaka wa 1661, wakati Mtaliano Marcello Malpighi alipotazama mapafu ya chura kwa hadubini na kuona vijishipa vinavyounganisha pande hizo mbili. Kapilari nyingine ni nyembamba hata kuliko chembechembe nyekundu ya damu, nayo hulazimika kujikunja ili ipenye, zikifuatana moja moja kama watu wanaovuka kijito kwa gogo.

Ni hapa, wala si ndani ya moyo au ateri kubwa, ambapo oksijeni hushushwa. Ikishatoka kwenye chembechembe nyekundu hupenya ukuta wa kapilari na kuingia katika seli zilizo jirani. Haiwezi kwenda mbali kwa njia hiyo. Umbali wake hupimwa kwa sehemu ndogo za milimita. Kwa sababu hiyo kila seli hai haina budi kuwa karibu na kapilari inayopitisha damu. August Krogh wa Denmark, aliyeeleza jinsi kapilari zinavyofunguka kwa wingi msuli unapofanya kazi, alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1920 kwa ugunduzi huo.

Sepsisi huuvuruga mpango huu kwa njia kadhaa kwa pamoja. Seli zinazotanda ndani ya mishipa huvimba, na ule utando laini unaozifunika kama ute huchubuka. Mishipa huanza kuvuja, maji ya damu yakatokea nje na kuzivimbisha tishu. Chembechembe nyeupe hujigandisha ukutani. Vidonge vidogo vidogo vya damu iliyoganda huziba njia, nazo chembechembe nyekundu hukakamaa na kupoteza wepesi wa kujikunja. Mwishowe baadhi ya kapilari huwa zimefungwa kabisa, huku za jirani zikipitisha damu kwa kasi kubwa kiasi kwamba haipati nafasi ya kushusha mzigo wake.

Mwenyeji wa mji wenye mgao wa maji atalielewa jambo hili upesi. Pampu inafanya kazi na bomba kuu limejaa, lakini mifereji ya mtaa mmoja imekauka ilhali katika mtaa wa pili maji yanamwagika barabarani. Anayesoma mita kwenye bomba kuu atatangaza kuwa hakuna shida. Presha ya damu ni mita ya bomba kuu.

Hali kadhalika kile kifaa cha kidoleni, ambacho msingi wake uliasisiwa na mhandisi Mjapani Takuo Aoyagi katika mwaka wa 1974. Hupima kiasi cha oksijeni kilichobebwa na damu ndani ya ateri, yaani mzigo ulio njiani, wala hakijui iwapo umefika unakokwenda. Isitoshe, utafiti uliotoka Marekani mwezi wa Desemba 2020 ulionyesha kwamba upungufu wa oksijeni ambao kifaa hiki kilishindwa kuugundua ulitokea karibu mara tatu zaidi kwa wagonjwa weusi kuliko kwa wazungu, kwa kuwa rangi ya ngozi huathiri mwanga kinaotumia. Hilo ni jambo la kuzingatiwa sana katika hospitali ambazo takriban wagonjwa wote ni weusi.

Kamera chini ya ulimi

Mwaka wa 1999 kulitangazwa teknolojia ya kamera ndogo iliyowezesha kapilari za binadamu kuonekana zikipitisha damu, bila upasuaji na bila kutia rangi yoyote mwilini. Kamera hizo na zile zilizozifuata huwekwa chini ya ulimi, mahali ambapo ngozi ni nyembamba. Hutoa mwanga ambao himoglobini huumeza, hivyo chembechembe nyekundu huonekana zikipita kama vidoa vyeusi katika uwanja mweupe.

Mwaka wa 2002, kundi la madaktari wa Brussels nchini Ubelgiji likiongozwa na Daniel De Backer lilichapisha matokeo ya kuwachunguza wagonjwa wa sepsisi kali kwa njia hiyo. Kwa watu wenye afya, takriban asilimia 90 ya mishipa midogo ilikuwa ikipitisha damu. Kwa wagonjwa ilikuwa karibu nusu tu. Miaka miwili baadaye madaktari wa mji huo huo walionyesha kuwa kapilari za wagonjwa waliopona zilirejea hali nzuri mapema, ilhali za waliofariki hazikubadilika, ingawa presha na vipimo vingine vya jumla vya makundi hayo mawili vilikaribiana.

Picha hizo zilibadilisha fikra za wengi. Hata hivyo, kamera haijaingia katika matibabu ya kila siku. Mate na damu huziba kioo, mgonjwa akitikisika picha huharibika, na mkono wa anayepima ukikaza kidogo huzifinya kapilari zenyewe na kutoa jibu la uongo. Kwa miaka mingi uchambuzi wa picha ulifanywa kwa macho, jambo lililomaanisha kwamba jibu lilifika baada ya uamuzi kupita. Tena, kilicho chini ya ulimi si lazima kifanane na kilicho ndani ya utumbo wenye usaha. Zaidi ya yote, daktari akishaona kapilari zimefunga, hakuna dawa iliyothibitika kuwa kazi yake ni kuzifungua na kuokoa maisha.

Njia nyingine hutumia mwanga ulio jirani na wekundu, usioonekana kwa macho, ambao hupenya nyama. Kipimo huwekwa kwenye mnofu ulio chini ya kidole gumba, kikasoma oksijeni iliyo katika damu ya msuli. Tatizo ni kwamba mgonjwa wa sepsisi anaweza kuonyesha kiwango kisichopishana sana na cha mtu mzima wa afya, kwa sababu damu inayopita bila kushusha oksijeni nayo huhesabiwa. Ndipo watafiti walipobuni hila ya kuubana mkono kwa kanda ya kupimia presha kwa dakika chache hadi damu isimame, kisha kuiachilia na kutazama oksijeni inavyorejea. Kwa wenye afya hurejea kwa kasi. Kwa wagonjwa wa sepsisi hujikokota, na kadiri inavyojikokota ndivyo hatari inavyozidi.

Vipimo vya damu

Seli inayokosa oksijeni haifi papo hapo. Huchoma sukari bila oksijeni na kuacha lakteti. Kiwango kikipita milimoli 2 katika lita ya damu, daktari huwa na sababu ya kushuku kwamba tishu zina dhiki. Ni kipimo chenye thamani kubwa, ila si cha kuaminiwa kwa macho yaliyofumbwa. Ini likishindwa kazi, lakteti hubakia juu. Homoni za mwili ulio taabuni, pamoja na dawa ya adrenalini, huipandisha hata pale oksijeni ipo. Tena hushuka polepole, hivi kwamba anayeifuata yenyewe pekee huenda akaendelea kummiminia maji mgonjwa ambaye tishu zake zimekwisha pata nafuu saa kadhaa zilizopita.

Kuna pia kipimo cha oksijeni iliyobaki katika damu inayorudi moyoni, ambacho huhitaji mpira upitishwe kwenye vena kubwa, aghalabu ya shingo. Mwaka wa 2001, Emanuel Rivers na wenzake wa Detroit, Marekani, waliripoti kwamba katika wagonjwa 263, waliotibiwa mapema kwa kufuata kipimo hicho na vinginevyo walikufa kwa kiwango cha asilimia 30.5, dhidi ya asilimia 46.5 ya wenzao. Matokeo hayo yaliingizwa katika miongozo ya dunia nzima. Lakini majaribio makubwa matatu yaliyochapishwa 2014 na 2015, moja la Marekani, jingine lililoendeshwa hasa Australia na New Zealand, na la tatu la Uingereza, hayakuona tofauti ya vifo. Ikumbukwe pia kwamba katika sepsisi oksijeni nyingi katika damu inayorudi si lazima iwe habari njema. Huenda ni mzigo uliorudishwa bila kushushwa.

Ncha ya kidole

Ngozi ni kiungo ambacho mwili hukitoa mhanga kwanza. Damu inapokuwa haba, mwili huibana mishipa ya mikono na miguu ili kuunusuru ubongo na moyo. Anayeitazama ngozi basi anatazama dirisha ambalo mwili wenyewe umelifungua.

Kipimo chenyewe hufanywa kwa kubonyeza ncha ya kidole, au ukucha, mpaka rangi ya damu itoweke, kisha kuachilia na kuhesabu muda hadi irejee. Ikichukua zaidi ya sekunde tatu, damu haifiki vyema. Kwa mtu mwenye ngozi nyeusi, sehemu inayofaa ni upande wa ndani wa ncha ya kidole au chini ya ukucha, ambako rangi ya ngozi ni hafifu. Si dalili zote za ngozi zinazosafirika hivi. Kipimo cha madoadoa ya magotini, kilichotungwa na madaktari wa Paris mwaka wa 2011, kina sifa kubwa huko Ulaya, lakini juu ya goti jeusi madoadoa hayo ni vigumu kuyaona.

Kwa miaka mingi wataalamu walikidharau kipimo cha kidole, wakidai kila anayepima hupata jibu lake. Dai hilo lilikuwa na ukweli. Mmoja hubonyeza kidogo na mwingine kwa nguvu. Mwanga wa wodi hutofautiana. Na mtoto aliyeletwa asubuhi ya baridi kutoka Kinangop atakuwa na vidole baridi bila ya sepsisi yoyote. Dawa ya tatizo hilo ilikuwa utaratibu mmoja kwa wote.

Utaratibu huo ulitumiwa katika utafiti wa ANDROMEDA-SHOCK, ulioongozwa na Glenn Hernández wa Chile na kuchapishwa mwaka wa 2019. Uliwahusisha wagonjwa 424 katika hospitali 28 za Argentina, Chile, Colombia, Ecuador na Uruguay. Kipande cha kioo cha hadubini kilibonyezwa kwenye ncha ya kidole cha shahada cha mkono wa kulia hadi ngozi ikapauka, kikashikiliwa kwa sekunde 10, kisha kikaachiliwa huku saa ikihesabu. Kundi moja lilitibiwa kwa kufuata kidole, kikipimwa kila baada ya nusu saa. Jingine kwa kufuata lakteti, ikipimwa kila baada ya saa mbili.

Baada ya siku 28, asilimia 34.9 ya waliofuatwa kwa kidole walikuwa wamefariki, ikilinganishwa na asilimia 43.4 ya waliofuatwa kwa lakteti. Kwa kanuni za takwimu tofauti hiyo ilikosa kidogo tu kufikia kiwango cha kuitwa thabiti, na mabishano juu yake yalikuwa makali. Lakini hata kama vipimo hivyo viwili vingetoka sare, ni jambo la ajabu kwamba kidole na kipande cha kioo viliweza kusimama sambamba na maabara. Mwongozo wa kimataifa wa matibabu ya sepsisi wa 2021 ulipendekeza kipimo cha kidole kitumiwe pamoja na vinginevyo.

Utafiti wa pili wa kundi hilo, uliochapishwa 2025 baada ya kuwafuatilia wagonjwa zaidi ya 1,400 katika nchi 19, uliongeza juu ya kidole hatua za kumchunguza kila mgonjwa ili kujua anachohitaji hasa, kiwe maji, dawa ya presha au msaada wa moyo. Vifo vya makundi mawili vilikaribiana kabisa. Waliotibiwa kwa kufuata kidole, hata hivyo, walihitaji kwa muda mfupi zaidi dawa na mashine za kuwashikilia hai.

Somo la Kilifi

Miaka minane kabla ya utafiti wa kwanza wa Amerika Kusini, dalili hizo hizo za ngozi zilikuwa zimetumika kuwachagua watoto kwa jaribio kubwa lililofanyika Kenya, Uganda na Tanzania. Jaribio hilo, liitwalo FEAST, liliongozwa na Kathryn Maitland akiwa Kilifi, na liliendeshwa katika hospitali sita: Kilifi yenyewe, Mulago, Mbale, Soroti na Lacor kule Uganda, na Muheza nchini Tanzania.

Watoto 3,141 waliandikishwa. Kila mmoja alikuwa na homa kali, alikuwa amezimia au kupumua kwa shida, na alikuwa na angalau dalili moja ya damu kutofika vyema: rangi ya kidole kuchukua sekunde tatu au zaidi kurejea, miguu baridi, mpigo hafifu wa mkono au moyo kwenda mbio kupindukia. Wenye kuharisha na kutapika hadi kukaukiwa maji, wenye utapiamlo mkali na walioungua hawakuhusishwa. Zaidi ya nusu ya walioingia walikuwa na malaria, na takriban thuluthi walikuwa na upungufu mkubwa wa damu.

Wakati huo karibu kila mwongozo duniani ulisema kwamba mtoto wa aina hiyo amiminiwe maji mshipani kwa kasi. Watafiti waliwagawa watoto kwa bahati nasibu katika makundi matatu. La kwanza lilimiminiwa maji ya chumvi kwa kasi, la pili albumini, ambayo ni protini itokanayo na damu ya binadamu, na la tatu halikumiminiwa chochote kwa kasi bali lilipewa maji ya kawaida ya polepole. Wote walipata viuavijasumu, dawa za malaria na damu kwa waliohitaji. Wengi walitarajia kwamba jaribio hilo lingethibitisha faida ya maji.

Januari 2011 kamati huru ya uangalizi ilishauri jaribio likomeshwe kabla ya wakati wake. Katika saa 48 za kwanza, asilimia 10.6 ya watoto waliopewa albumini na asilimia 10.5 ya waliopewa maji ya chumvi walikuwa wamefariki. Katika kundi ambalo halikumiminiwa kwa kasi, walikuwa asilimia 7.3. Kwa maneno mengine, katika kila watoto 100 waliomiminiwa, watatu zaidi walikufa.

Linaloumiza kichwa zaidi katika matokeo hayo ni jambo ambalo halikutiliwa maanani sana na magazeti ya wakati ule. Waliomiminiwa maji ndio ambao dalili za mzunguko wa damu ziliboreka upesi zaidi katika saa ya kwanza. Vidole vilirejea rangi, muuguzi akapata matumaini, kisha baadaye mtoto akafa. Uchambuzi uliotolewa mwaka wa 2013 ulionyesha kuwa wengi wa wale watoto wa ziada hawakufa kwa mapafu kujaa maji, kama ilivyodhaniwa mwanzoni, bali kwa moyo na mzunguko wa damu kuporomoka.

Wapo waliosema kwamba matokeo hayo yahusu watoto wenye malaria na hospitali zisizo na mashine za kupumulia. Mwaka wa 2017, hata hivyo, utafiti wa watu wazima 209 wenye sepsisi na presha ya chini mjini Lusaka, Zambia, wengi wao wakiishi na virusi vya HIV, ulitoa jibu la namna hiyo hiyo. Waliotibiwa kwa utaratibu wa kuwapa maji mengi mapema, pamoja na dawa za presha na damu kwa waliohitaji, walikufa kwa kiwango cha asilimia 48.1. Waliotibiwa kwa njia ya kawaida ya hospitali hiyo walikufa kwa kiwango cha asilimia 33.

Je, tafiti hizi zinapingana na ile ya Amerika Kusini? Zikisomwa kwa makini hazipingani. Wagonjwa wa Chile na jirani zake walikuwa katika vyumba vya wagonjwa mahututi. Kabla ya kuongezewa maji walichunguzwa kama moyo wao ungefaidika nayo, na rangi ya kidole ilipokuwa ikirejea kwa wakati, maji yalisimamishwa. Kidole kilitumika hasa kumwambia daktari lini aache. Katika hospitali za Afrika Mashariki dalili ilitumika kuanzisha mmimino wa kiasi kilichopangwa tangu awali, na hapakuwa na mashine ya kumshika mtoto ambaye mwili wake ungekataa. Dalili ilikuwa ni ya kweli pande zote mbili. Ilisema damu haifiki. Haikusema kwamba maji ndiyo yaliyopungua.

Shirika la Afya Duniani lilirekebisha mwongozo wake wa watoto mwaka wa 2016. Mtoto huhesabiwa kuwa na mshtuko wa mzunguko wa damu pale tu anapokuwa na dalili zote tatu kwa pamoja, yaani mikono baridi, rangi ya ukucha kuchukua zaidi ya sekunde tatu kurejea, na mpigo ulio hafifu tena wa mbio. Huyo hupewa mililita 10 hadi 20 kwa kila kilo ya uzani, kwa muda wa dakika 30 hadi 60, akitazamwa kwa karibu. Mwenye dalili moja au mbili tu hamiminiwi maji kwa kasi. Kwa mtoto wa kilo 10 mwenye dalili zote, hicho ni kiasi cha mililita 100 hadi 200, ambacho mkono wenye haraka huweza kukimaliza kwa dakika chache dripu ikifunguliwa wazi.

Wodini

Katika hospitali isiyo na kamera wala maabara ya usiku kucha, uchunguzi wa tishu huwa ni kazi ya muuguzi. Hugusa mguu kuanzia kidole gumba na kupanda juu hadi atakapokuta joto, akaandika baridi imeishia wapi. Hubonyeza ncha ya kidole kile kile kila mara, kwa muda ule ule, akitumia saa badala ya kukadiria. Hupima mkojo unaotoka kila saa, kwani figo ni miongoni mwa viungo vinavyolalamika mapema. Humwita mgonjwa kwa jina na kusikiliza anavyojibu. Kifaa cha kidoleni kikihangaika kutafuta mpigo kwenye kidole baridi, huko kuhangaika kwenyewe huandikwa, badala ya kukihamishia kidole kingine na kunyamaza.

Kipimo kimoja hakitoshi kuamulia lolote. Kilicho na uzito ni mwendo wa vipimo hivyo tangu mgonjwa alipopokewa, viuavijasumu vikiwa vimeanza bila kuchelewa na chanzo cha maambukizi, kama jipu au utumbo uliotoboka, kikiwa kinashughulikiwa. Mgonjwa ambaye baridi imeshuka kutoka gotini hadi kifundoni kati ya saa nne na saa sita usiku yuko njiani kurudi. Yule ambaye presha yake haikubadilika lakini baridi imepanda kutoka kifundoni hadi gotini ndiye wa kuamshiwa daktari.